Mwaka wa Kwanza Hauhesabiki

Ndugu zangu, swali la mkimbizi ni nani nitaliruka, mmelisikia mpaka mmechoka. Ugomvi wangu ni ule ule wa siku zote: mkimbizi kafika juzi ugenini, leo anapimwa kama ameweza maisha. Marekani msaada wa mapokezi ulipangiwa siku 90. Siku 90! Bado anajifunza kusoma barua za shule ya mtoto wake.

Tazameni Ujerumani. Wakimbizi waliofika 2015, mwanzoni walikuwa kazini wachache sana. Baada ya miaka 6, takriban nusu. Baada ya miaka 8, karibu theluthi mbili. Watu wale wale! Ukifunga daftari mwaka wa pili, utaandika kwamba hawapendi kazi. Na wapo walioandika hivyo.

Kinachoniudhi zaidi ni kusubirishwa. Utafiti wa Uswisi uliochapishwa 2016 uliwachunguza waomba hifadhi ambao mwishowe wote walikubaliwa kubaki. Kila mwaka wa ziada wa kusubiri uamuzi ulishusha kiwango chao cha ajira cha baadaye kwa pointi 4 hadi 5 za asilimia. Uamuzi ni ule ule, ila umechelewa. Fundi aliyekalishwa bure miaka mitatu mikono inakuwa mizito, na moyo pia. Halafu tunamwita mvivu.

Najua mtaniambia, “Wakiruhusiwa kazi mapema, watamiminika.” Jamani, anayekimbia mabomu hakai kwanza kupitia kanuni za vibali! Tena Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 kuhusu wakimbizi, kifungu cha 17, unasema vizuizi vya kulinda soko la ajira visimguse mkimbizi aliyetimiza miaka 3 ya ukaazi. Serikali zilisaini zenyewe, hakuna aliyezishika mkono.

Mwenyekiti ananionyesha saa, haya, mbio mbio. Wanawake: Ujerumani wakimbizi wanawake wako nyuma sana ya wanaume kwa ajira, na anayekosa pa kumwacha mtoto haendi darasa la lugha. Lugha: Australia ilikuwa na kikomo cha saa 510 za masomo ya Kiingereza, 2021 wakakiondoa, vizuri. Vyeti vya taaluma, mtaniuliza.

Uraia, dakika moja tu. Waburundi waliokimbilia Tanzania 1972 walilima kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakazaa, wakasomesha. Zaidi ya 160,000 kati yao na wazao wao wakapewa uraia kuanzia 2014, baada ya miaka 42. Shamba walikuwa nalo siku nyingi. Kilichochelewa ni karatasi. Haya, maswali.