Umempa kipaumbele nani? Mhadhara kuhusu foleni ya kuandika kwenye diski

Mwenyekiti kanipa dakika 40 na ameniomba, kwa upole wake, nisianze na hadithi ya ofisi ya mabasi. Nitaanza nayo. Kila mwaka nakutana na kijana anayeniambia, "Mwalimu, seva yangu iko salama, bakapu nimeiwekea ionice daraja la tatu." Halafu anatabasamu. Tabasamu hilo nalifahamu, lilikuwa langu. Kwa wasioijua, ionice ni amri ya Linux ya kuipa programu kipaumbele kwenye diski.

Ilikuwa seva ya kampuni ya mabasi. Siitaji, na kosa lilikuwa langu kwa vyovyote. Memori gigabaiti 16, diski moja ya sahani inayozunguka mara 7200 kwa dakika, na juu yake hifadhidata ya tiketi. Bakapu inaanza saa mbili usiku na kuandika kwenye diski hiyohiyo. Msicheke, bajeti ilikuwa ndiyo hiyo. Mimi fundi nikaiandikia `ionice -c3`, daraja la asiye na haraka: usiiguse diski mpaka wengine wote wamalize shida zao. Nikaenda kula.

Saa mbili na robo, simu. Dada wa dirishani kabonyeza kitufe cha kutoa tiketi, skrini imeganda. Abiria wa basi la alfajiri wamejaa dirishani, mmoja keshalipa na anadai tiketi yake kwa sauti ambayo hata mimi kwenye simu naisikia. Nikaingia kwenye seva kwa mbali, nikawasha blktrace. Kwa wasioijua, inakuonyesha kila ombi linaloingia kwenye foleni ya diski na jina la aliyelileta. Mistari ikaanza kumiminika. Herufi W, yaani kuandika, na pembeni jina: kworker. W, kworker. W, kworker. Skrini nzima kworker. Mara moja moja katikati yao inapita WS, ile S ikiwa na maana kwamba kuna mtu anaisubiri. Hiyo ndiyo tiketi ya yule abiria. Bakapu yangu je? Upande wa kusoma ilikuwepo, imetulia kama nilivyoiagiza. Upande wa kuandika, jina lake halipo popote.

Nikafanya alichokifanya kila mmoja wenu siku moja: `kill -9`. Bakapu ikafa papo hapo. Na diski ikaendelea kuandika karibu dakika nzima. Marehemu keshazikwa, bado anaandika! Pale ndipo nilipoanza kusoma kilichonipasa kusoma kabla.

Programu ikiita write, haiandiki kwenye diski. Kerneli, yaani kiini cha Linux, inainakili data kwenye kurasa za memori, inazitia alama kuwa ni chafu, inaijibu programu "tayari", na programu inaendelea na shughuli zake. Baadaye uzi wa kerneli, huyo kworker, anazoa kurasa chafu za kila mtu na kuzipeleka diskini. Sasa nendeni ofisi yoyote ya mabasi mkatume kifurushi. Unakikabidhi, unapewa risiti, unaondoka. Anayekipakia kwenye buti ni utingo. Basi likifika mizani, askari anaona basi na utingo wake. Askari hamjui shangazi yako aliyetuma maembe, hajui kwamba shangazi aliandikiwa "asiye na haraka". Mpanga foleni wa diski, sehemu ya kerneli inayoamua ombi lipi litangulie, ndiye huyo askari. Ionice umempa shangazi, na shangazi hayuko ndani ya basi.

Na msiniambie hii ni siri ya wakubwa. Ionice iliingia Linux toleo 2.6.13, mwaka 2005, na mwongozo wa ioprio_set unasema waziwazi kwamba kipaumbele kinafanya kazi kwa kusoma na kwa uandishi wa kusubiri, si kwa uandishi wa kuahirishwa, kwa sababu huo unapelekwa na mwingine. Imeandikwa! Ila nani anasoma mwongozo hadi chini? Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison walilipima jambo hili kwa CFQ, mmoja wa wapanga foleni wa Linux, wakatoa ngazi tofauti za kipaumbele kwa waandishi tofauti, na CFQ ikawaona wote wana ngazi ya 4. Ile ya utingo.

Naona mkono kule nyuma, na swali nalijua: kwa nini tusimpandishe daraja au kumshusha huyo kworker mwenyewe? Kwa sababu amebeba mizigo ya watu wote. Ukimshusha, umeshusha na mizigo ya wenye haraka. Ukimpandisha, umempandisha na bakapu. Lingine?

"Ongeza RAM." Hili ndilo linalonipandisha presha. Tufanye hesabu. Kwa kawaida Linux inaanza kupeleka kurasa chafu nyuma ya pazia zikifika asilimia 10 ya memori inayoweza kutumika, na inaanza kuwabana waandishi kwa nguvu kuelekea asilimia 20. Kwenye gigabaiti 16, chukua 3 hivi. Diski ya megabaiti 100 kwa sekunde itahitaji nusu dakika kulipa deni hilo, na hapo ni uandishi wa mstari mmoja ulionyooka. Ongeza memori ifike 64, deni linaweza kukaribia gigabaiti 13, zaidi ya dakika mbili. Umenunua memori kwa pesa nzuri ili foleni iwe ndefu zaidi! Na kama uandishi umetawanyika, vipande vya kilobaiti 4 huku na kule, diski ya sahani inaweza mia moja hivi kwa sekunde, yaani kilobaiti 400. Gawanyeni wenyewe gigabaiti 3 kwa hizo. Nimewahi kuona mtu akigawanya, akarudia, akaweka kalamu chini.

Wanaotetea mpanga foleni wana hoja yao, nami niwe mkweli. Mpanga foleni anayeitwa deadline anaupa usomaji kikomo cha milisekunde 500 na uandishi sekunde 5. Mantiki yake ni nzuri: anayesoma anasubiri, hawezi kuendelea bila data, wakati anayeandika keshaondoka na risiti yake. Kwa hiyo msomaji apite kwanza. Sawa. Ila hifadhidata inayoita fsync, yaani inayogoma kuendelea mpaka data ifike diskini, nayo inaandika, na nayo inasubiri, na dada wa dirishani anasubiri nyuma yake. Kugawa foleni kwa kusoma na kuandika ni kuuliza swali lisilo lenyewe. Swali ni nani anasubiri, na anamsubiri nani. Ukishafika mlangoni mwa diski, nusu ya jibu hilo limeshapotea njiani.

Haya, hata tuseme kila ukurasa mchafu umeandikwa jina la mwenyewe. Bado kuna daftari la mfumo wa faili. ext3 na ext4, mifumo ya faili ya Linux, zinakusanya mabadiliko ya programu nyingi kwenye muamala mmoja na kuufunga kila baada ya sekunde 5, au mtu akiita fsync. Muamala haugawanyiki. Mwaka 2008 Firefox 3 ilikuwa inahifadhi historia yake kwenye hifadhidata ndogo ya SQLite, na SQLite inaita fsync. Juu ya ext3, fsync ndogo ya kivinjari ililazimika kusubiri na data za watu wengine zishuke kwanza. Unanakili filamu kwenye dirisha moja, kivinjari kinaganda kwenye jingine. Watu wakailaumu Firefox, wakalaumu kompyuta, wengine wakalaumu umeme. Mwenye haraka alikuwa kafungwa kamba moja na asiye na haraka, na hakuna mpanga foleni wa kuifungua kamba hiyo kule chini, maana anachopewa ni vipande ambavyo mpangilio wake umeshaamuliwa juu. ext4 imepunguza kero kwa kuchelewesha kutenga nafasi ya data. Imepunguza, haijaondoa.

Kwa hiyo nasema, na nitaendelea kusema hadi mnichoke: kipaumbele cha kuandika kiamuliwe pale programu inapochafua ukurasa. Mbane mwandishi mlangoni, kabla hajakabidhi mzigo. Na kerneli inao uwezo huo. Kurasa chafu zikizidi, mwandishi analazwa ndani ya write yenyewe, na tangu toleo 3.2 la mwaka 2012 analazwa kwa vipande vidogo visivyozidi milisekunde 200, badala ya kutumwa naye akabebe mizigo ya watu. Tatizo ni kwamba breki hiyo imewekwa mbali mno, kwenye asilimia.

Ofisi ya mabasi niliitoa kwenye asilimia. Niliweka mpaka wa kuanza kupeleka, `vm.dirty_background_bytes`, megabaiti 64 na mpaka wa kubana, `vm.dirty_bytes`, megabaiti 256. Usiku uliofuata sikwenda kula, nilikaa hapohapo dirishani. Bakapu ikaanza saa mbili. Mstari wa Dirty, yaani kurasa chafu, kwenye `/proc/meminfo`, ambao kabla ulipanda hadi kupita gigabaiti moja, ukawa unachezacheza kwenye mamia ya megabaiti. Bakapu ilichelewa kumaliza, na ichelewe, ndiyo nilichotaka tangu mwanzo. Tiketi zikawa zinatoka. Si kwa kasi ya kujivunia, diski ni ileile, lakini zinatoka.

Mtaniuliza kama breki hiyo haimuumizi kila mtu. Inamgusa kila mtu, ndiyo, ni ya mashine nzima. Anayeandika kidogo na kuita fsync haioni sana, anayemwaga data anaiona. Ukitaka kubana mmoja mmoja, tumia cgroup toleo la pili, njia ya kerneli ya kuziweka programu kwenye makundi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi haraka. Cgroup toleo la pili: washa kidhibiti cha memori na cha io kwa pamoja, vyote viwili, ndipo kerneli inajua ukurasa mchafu ni wa kundi gani na kuutoza kundi hilo hata akiubeba kworker. Toleo la kwanza halikuweza. Faili moja likiandikwa na makundi mawili kwa zamu, hesabu inavurugika, kwa hiyo bakapu iwe na faili lake. Na mfumo wa faili uwe unaokubali: ext4, btrfs na xfs zimo.

Kuanzia toleo 4.10, mwaka 2017, kerneli ina kizuizi kinachopunguza kasi ya uandishi wa nyuma ya pazia kikiona wasomaji wanacheleweshwa. Kinasaidia. BFQ, mpanga foleni mwingine, imeingia toleo 4.12, CFQ imeondolewa toleo 5.0 mwaka 2019. Hayo mtasoma.

SSD, diski zisizo na sahani. Nilitaka dakika 10 za SSD, sina. Wanaosema "tuna SSD, yamekwisha", SSD ya bei rahisi ikijaa inaanza kufuta na kuhamisha vitalu ndani kwa ndani, na una foleni nyingine ambayo kerneli haiioni kabisa. Angalieni `/sys/block/`, jina la diski, `queue/scheduler`. Mkikuta `none` imewekewa mabano ya mraba, hakuna mpanga foleni hapo, na ile ionice yenu haina hata askari wa kuionyesha.

Swali la mwisho, dada. Unauliza bila kugusa kerneli, bakapu tu, ufanyeje? Iandike kwa O_DIRECT, ili programu yako ifike diskini yenyewe na ionice ipate wa kumshika. Kama huwezi, iite fdatasync, ndugu yake fsync, kila baada ya megabaiti chache, deni lisikusanyike. Kwenye dd, amri ya kunakili data, ya kwanza ni `oflag=direct`. Jaribu kwanza kwenye kompyuta yako ya nyumbani, ukiwa na blktrace kwenye dirisha la pili, uone jina lipi linatokea pembeni ya W.