Kuotesha Matete ya Kuezekea ya Rasi kwa Mbegu

Mtazamaji, mmea huu wenye mabua membamba ya kijani na pete nyeusi kwenye vifundo huitwa kitaalamu Elegia tectorum. Asili yake ni Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, ambako mabua yake yametumika kuezekea nyumba, ingawa siku hizi wengi huupanda kwa ajili ya urembo wa bustani.

Tuanze na moshi, kwa kuwa hapo ndipo wengi hukwama. Mbegu hizi hulala ardhini mpaka moto wa nyika upite, na mwaka 1990 watafiti J. H. de Lange na C. Boucher walionyesha, kwa mmea mwingine wa huko huko, kwamba moshi wa mimea unaweza kuiamsha mbegu. Kwa hiyo, ukiwa nje ya nyumba, choma majani makavu na mabichi ndani ya pipa lenye kifuniko, upitishe moshi kwa bomba la chuma hadi kwenye ndoo ya maji, mpaka maji yabadilike rangi na kunuka moshi. Yakipoa, loweka mbegu humo kwa saa 24.

Sasa jaza sinia mchanga wa mto uliochanganywa na majani ya msonobari yaliyooza. Tafadhali usitie samadi wala mbolea ya fosfeti, kwani mizizi yake imezoea udongo maskini na huungua kwa urahisi. Sia mbegu kwa nafasi, zifunike kwa mchanga kidogo sana, kisha nyunyiza maji taratibu. Kule Rasi husiwa kati ya Machi na Mei, mchana ukiwa na joto na usiku ukiwa na baridi, na tofauti hiyo husaidia sana uotaji. Usiliweke sinia ndani ya nyumba yenye joto lisilobadilika. Udongo uwe na unyevu daima, nawe uvumilie mwezi mzima au zaidi.

Miche ikifikia urefu wa kidole, ihamishie kwenye viriba pamoja na udongo wake, bila kuitikisa mizizi. Mvua zikianza, ipande penye jua la kutosha, ukiacha takriban mita moja kati ya mche na mche. Panda kadhaa, kwa sababu mmea dume na mmea jike ni mbalimbali, na jinsia haijulikani mpaka utoe maua.

Bua lililokauka likate chini kabisa shinani, kwa maana likikatwa katikati halichipui tena.