Korido ya nje ndiyo inayoipa ofisi nafasi ya kubadilika

Ndugu zangu, ikitajwa ofisi ya kubadilika, wengi hufikiria kuta za kuhamishika. Kuta ni jambo dogo. Kinacholigandisha jengo ni korido ya katikati: vyumba huku na huku, giza katikati, taa mchana kutwa. Ukiitoa nje, sakafu nzima inabaki wazi, na kila mpangaji anapata mlango wake bila kupita kwa jirani.

Tuichukue Dar es Salaam, nyuzi 7 hivi kusini mwa ikweta. Juni, saa sita mchana, jua liko kaskazini, kimo cha nyuzi 60. Desemba liko kusini, nyuzi 73. Kwa ukuta wa kimo cha mita 3, kaskazini unahitaji kinga ya jua inayotokeza mita 1.75, kusini mita 0.9. Basi korido ya mita 1.8 ikae kaskazini. Viti viwili vya magurudumu vinapishana. Kusini kibaraza chembamba kinatosha. Mashariki na magharibi msihangaike na vibaraza, jua huingia chinichini. Huko pelekeni ngazi, vyoo na kuta zisizo na madirisha.

Kwa dari ya mita 3, chumba kisizidi upana wa mita 15, la sivyo upepo wa kusi utafia katikati. Nguzo kila mita 7.2, fremu za madirisha kila mita 1.2, ili kizigeu, yaani ukuta mwepesi wa kugawa chumba, kikutane na fremu, si na kioo. Vizigeu viwe vya bodi za jipsamu, vifike hadi kwenye zege la juu. Vikiishia kwenye dari, siri za mkurugenzi zitasikika chumba cha pili. Ukuta wa tofali la inchi 6 wenye plasta pande mbili, kimo mita 3, unakaribia tani moja kwa kila mita ya urefu. Mpangaji akiujenga pasipo na boriti, msishangae nyufa.

Sasa mvua, maana hapa ndipo mafundi wanapotuangusha. Sakafu ya korido ikiwa sawa na ya chumba, masika maji yako kwenye zulia. Ishusheni milimita 20, mteremko uelekee nje, milimita 25 kwa upana huo wa mita 1.8. Chini ya ukingo wa zege chongeni mfuo wa kudondoshea maji. Bila mfuo, maji yanarudi kwa chini, yanafika kwenye nondo, na kwa chumvi ya bahari zege linaanza kubanduka. Vigae vya kung'aa marufuku.

Viyoyozi navyo vitengewe rafu yake mapema. Mkisahau, mashine za nje zitafungwa koridoni, zipulizie wapita njia hewa ya moto.

Mwisho, baraza la wote: mita 4 kwa 6, pale ngazi inapokutana na korido, karibu na jiko la chai. Mkiliweka ncha ya korido, litajaa viti vibovu.