Nani Anakula Muda Wako Kwenye Wingu?

ZAITUNI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Kampala, Jinja, Arua na kwingineko. Niko na mwenzangu Barasa, mhandisi wa programu za mifumo kwenye huduma za wingu, yaani seva, kompyuta za mbali zinazokodishwa kupitia intaneti. Barasa, mtu analipa kwa simu dukani, kiduara kinazunguka weee, mwenye duka anasema, "Netiwaki hiyo." Ni netiwaki kweli?

BARASA: Pengine ni kweli, dada, ila netiwaki husingiziwa mengi. Tuanze na umbali. Programu nyingi tunazotumia hapa zinakaa kwenye seva za nje. AWS, huduma ya wingu ya Amazon, ilifungua vituo vyake Cape Town mwaka 2020, Google ikaja Johannesburg 2024. Kutoka Kampala hadi Cape Town ni kama kilomita 4,000 ukinyoosha mstari. Mwanga ndani ya faiba hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kwenda na kurudi tu, milisekunde 40, yaani sehemu 40 za elfu ya sekunde. Na sisi hatuna bahari: data yetu lazima ifike kwanza Mombasa au Dar es Salaam, ndipo iingie kwenye mkongo, ile nyaya ya baharini.

ZAITUNI: Ndiyo maana mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika Mei 2024, tukaumia hata huku bara.

BARASA: Naam. Lakini milisekunde 40 hazimkeri mtu. Balaa ni programu inayoiuliza seva maswali 30, moja likingoja jibu la jingine. Hapo tayari sekunde nzima imekwenda. Na hata ukilirekebisha hilo, kuna mwizi mwingine ndani ya seva yenyewe.

ZAITUNI: Enhe, huyo ndiye namtaka.

BARASA: Seva moja ya wingu hukaliwa na wateja wengi, kama vyumba vya kupanga vyenye bomba moja uani. Lazima awepo wa kugawa zamu. Kwenye Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi, mgawaji ni kerneli, yaani kiini cha mfumo huo, kwa kutumia cgroups, makundi ya programu yanayowekewa vikomo, kazi iliyoanzishwa na wahandisi wa Google mwaka 2006. Tuseme kontena lako, yaani boksi ambamo programu yako inaendeshwa, limepewa nusu ya prosesa. Kwa kawaida kerneli huhesabu kwa vipindi vya milisekunde 100, kwa hiyo una 50 za kufanya kazi katika kila kipindi. Sasa programu ikifungua nyuzi nne, yaani kazi nne zinazokwenda sambamba, zikakimbia pamoja kwenye prosesa nne, kila uzi unakula fungu lake, na zile 50 zinaisha ndani ya milisekunde 12.5.

ZAITUNI: Halafu?

BARASA: Linasimamishwa! Milisekunde 87.5 zilizobaki kontena limekaa tu, mteja anangoja, na huenda prosesa zenyewe hazina kazi. Ukitazama grafu ya wastani wa dakika nzima, utadhani seva imepumzika. Hapo ndipo watu hulaumu netiwaki.

ZAITUNI: Kumbe! Mnamnasaje?

BARASA: Kuna faili, cpu.stat. Tafuta mstari wa nr_throttled. Mstari huo huhesabu vipindi ambavyo kontena lilisimamishwa. Namba ikipanda kila ukiisoma, umempata. Mara nyingi programu imehesabu prosesa zote za seva, tuseme 64, ikafungua nyuzi 64, haijui kwamba yenyewe imepewa nusu. Punguza nyuzi au ongeza kikomo. Kazi hii naipenda kwa sababu hiyo: chanzo kipo, kinapimika, ukishuka hadi kwenye kerneli.

ZAITUNI: Na kijana wa hapa atapata wapi kazi hiyo?

BARASA: Namanve pana kituo cha data cha Raxio tangu 2021. UIXP, kituo cha kubadilishana data, kinaunganisha mitandao ya hapa Kampala tangu 2001. Mimi naamini malipo ya mtu wa Ntinda kwa mtu wa Mbale hayana sababu ya kusafiri hadi Cape Town. Lakini kuyahifadhi hapa kunataka watu wanaoijua kerneli, na vijana wetu wengi wanafundishwa kutengeneza programu za simu tu.

ZAITUNI: Mwenye laptopu kuukuu je?

BARASA: Inamtosha kabisa. Aweke Linux, atengeneze cgroup, aandike 50000 100000 kwenye faili la cpu.max. Ndiyo nusu prosesa hiyo. Kisha aendeshe humo programu ya nyuzi nne, asome cpu.stat.

ZAITUNI: Ngoja, rudia polepole, kuna watu wanaandika. Faili la kwanza?

BARASA: cpu.max. Elfu hamsini, nafasi, laki moja.