Kulwa, Doto na kadi iliyolala

LUSAJO: Tumerudi na kipindi chetu cha kompyuta, baridi hii ya Mbeya imetukuta tena na makoti. Dada Atu, nasikia umetoka Vwawa, Mbozi, jana.

ATUPELE: Jana jioni, na ni mara ya pili wiki hii. Kaka, kabla hujafungua karatasi yako ya masomo matatu, naomba nianze na hilo.

LUSAJO: Haya, karatasi naigeuza.

ATUPELE: Jumatatu nilikwenda kwa chama kimoja cha wakulima wa kahawa kule Mbozi. Ofisini wana laptopu moja ya mhasibu, ina Windows. Nikawawekea programu ya VirtualBox, ndani yake mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, inayotumia Ubuntu Server, aina ya Linux, ili daftari la mizani likae humo na karani alisome kwa laptopu yake kule ghalani. Kadi ya mtandao ya kwanza NAT, inayotoka intaneti kwa mgongo wa laptopu, kwa ajili ya masasisho. Ya pili daraja, ili mashine ionekane kwenye ruta ya ofisi kama kompyuta nyingine yoyote.

LUSAJO: Na hiyo ya pili uliiongeza baadaye.

ATUPELE: Ndiyo chanzo chenyewe. Nikaandika ip a, amri ya kuonyesha kadi na anwani zake. Ya kwanza, enp0s3, ina 10.0.2.15 yake kama kawaida ya NAT ya VirtualBox. Ya pili, enp0s8, ipo, lakini imeandikwa DOWN na haina anwani. Imelala. Ubuntu iliposimikwa ilikuta kadi moja, na faili la netplan, lenye mipangilio ya mtandao, likaandika hiyo moja tu. Ukiongeza nyingine, kerneli, kiini cha Linux, inaiona, ila hakuna aliyetumwa kuiamsha.

LUSAJO: Ukaiamsha kwa mkono.

ATUPELE: Kwa mkono. ip link set enp0s8 up, halafu ip addr add 192.168.1.50/24 dev enp0s8. Karani akafungua daftari ghalani, likafunguka. Mwenyekiti akanifungia maharage, nikapanda basi. Jumanne asubuhi umeme ukakatika, betri ya ile laptopu imechoka, ikazima. Walipowasha, mashine pepe ikaamka, kadi ya pili ikabaki imelala. Anwani ya ip addr add inaishi kwenye kumbukumbu tu, mashine ikizimika imekwenda. Nalijua hilo miaka yote, na bado niliondoka bila kuandika faili. Mhasibu ananipigia: "Dada, wakulima wapo foleni na magunia, ghalani hawaoni kitu." Iliniuma sana.

LUSAJO: Si ungemwelekeza kwa simu?

ATUPELE: Nilimwelekeza nusu saa nzima. Nasema e, n, p, sifuri, s, nane. Yeye anasoma alichoandika, kinafanana kabisa. Mashine inajibu haikioni kifaa hicho. Nilipofika ndiyo naona kwenye skrini: ameandika herufi o badala ya sifuri. Enpo-s-nane.

LUSAJO: Unaona! Hili nalisema kila siku. Ipe kadi jina la mtu. Kwenye netplan unaweka match, chini yake macaddress ya kadi, yaani MAC, namba yake ya utambulisho, halafu set-name, jina unalotaka. Ya kwanza kulwa, ya pili doto. Mhasibu angeandika doto bila kukosea hata herufi.

ATUPELE: Ukitaka majina ya pacha utaturudisha kwenye eth0.

LUSAJO: Kivipi?

ATUPELE: Kulwa ni nani? Aliyetangulia kutoka. Doto aliyefuata. Zamani Linux ilizipa kadi majina hivyo hivyo: iliyoonwa kwanza eth0, ya pili eth1. Siku mashine ikiwaka na ya pili ikawahi kuonwa, Doto anakuwa Kulwa, na anwani ya huyu anavaa yule. Ndiyo maana mwaka 2013 systemd, programu inayoiwasha Linux na huduma zake, ikaleta majina ya mahali. en ni ethaneti, p0 ni basi, yaani njia ya vifaa ndani ya mashine, namba sifuri, s3 ni tundu la tatu.

LUSAJO: Jirani yangu pale Uyole ni Msukuma, alihamia kutoka Usangu na ng'ombe wake. Ana Kulwa na Doto wa darasa la pili. Tangu walivyozaliwa hawajawahi kubadilishana majina, hata Doto akitangulia kufika shuleni.

ATUPELE: Kwa sababu mama yao anawajua sura.

LUSAJO: Sawasawa! Na sura ya kadi ni MAC yake. VirtualBox inaanza na 08:00:27, mbele yake namba zake mwenyewe. Mimi sihesabu nani katangulia, natazama sura. Hata mahali sijali.

ATUPELE: Haya, nikiongeza kadi ya tatu?

LUSAJO: Shija! Anayezaliwa nyuma ya mapacha ni Shija, hilo halina mjadala.

ATUPELE: VirtualBox itamwita enp0s9, na bila kuniuliza najua amekaa tundu la tisa.

LUSAJO: Na mbona kutoka tatu mnaruka mpaka nane? Hapo katikati mmemzika nani?

ATUPELE: Hakuna aliyezikwa. La nne ni la huduma za VirtualBox yenyewe, la tano sauti, la sita USB, la saba udhibiti wa umeme. Ni nyumba zenye watu, kaka.

LUSAJO: Shija anakaa mtaa wa tisa, basi.

ATUPELE: Acha Shija kidogo, nijibu hili. Chama cha jirani wameomba mashine kama ile. Nitainakili. VirtualBox ikinakili, kadi ya daraja inapewa MAC mpya. Faili lako linamtafuta Doto kwa sura ambayo haipo tena. Kadi inalala, wakulima wanarudi kwenye foleni. La kwangu linasema enp0s8, nakala inaamka.

LUSAJO: Na ukihamia programu nyingine ya mashine pepe, kama KVM? Jina linakuwa enp1s0. Kwenye VMware, ens33. Faili lako nalo limekufa.

ATUPELE: Mbozi hakuna VMware.

LUSAJO: Kuna mhasibu anayeandika o badala ya sifuri. Yupo, umemsikia kwa masikio yako.

ATUPELE: Siwezi kufunga seva ya watu kwa MAC.

LUSAJO: Na mimi siwezi kumsomea mtu enp kwa simu. Hapo siondoki.

ATUPELE: Wala mimi.

LUSAJO: Kwaya wamefika, wanataka ukumbi wao. Karatasi yangu ilikuwa na NAT na daraja, netplan, na gateway mbili, yaani milango ya kutokea intaneti. Hata moja hatujamaliza.

ATUPELE: La netplan kwa ufupi, maana kuna mtu anaihitaji leo: usibonyeze Tab, YAML, mtindo wa kuandika faili hilo, haiikubali, tumia nafasi. Kadi ya pili usiipe gateway, njia ya intaneti iko kwenye ya kwanza. Na andika netplan try kabla ya apply: usipothibitisha ndani ya sekunde 120 inarudisha ya zamani.

LUSAJO: Na kule Mbozi umeacha jina gani?

ATUPELE: enp0s8. Nimezima laptopu mara tatu mbele ya mhasibu, mara zote karani ameliona daftari. Halafu nimeliandika jina kwa kalamu nene, sifuri nimeipiga mstari katikati, nimebandika juu ya meza yake.

LUSAJO: Ungeandika doto.

ATUPELE: Wanagonga tena, kaka. Zima hiyo maiki.