Kutoka Goma Hadi Gisenyi kwa Kupitia Ulaya

Wandugu, narudia lile lile kuhusu intaneti, hata kama wa huko nyuma wameanza kucheka. Zamani zile, nchi moja iliishinda nyingine kwa ufupi wa njia ya data. Kompyuta zilikuwa jambo la pili.

Tuseme ni mwaka 2003. Goma yetu ya Congo iko kwenye parabole, yaani dishi la satelaiti, Gisenyi ya Rwanda iko kwenye parabole, na vituo vyote viwili vya ardhini vinavyopokea mawimbi hayo viko Ulaya. Barua pepe ya kwenda ng'ambo ya Petite Barrière, kivuko cha mpakani unachovuka kwa mguu, inapanda kilomita 35,786 hadi kwenye satelaiti, inashuka Ulaya, inapanda tena, ndipo inashuka Gisenyi. Kila kupanda na kushuka ni sekunde 0.24. Jibu nalo linapita huko huko. Jumla inakaribia sekunde 1.

“Si wangenunua mega zaidi, yaani megabiti nyingi zaidi kwa sekunde?” Hapana! Jibu hilo limenichosha. TCP, kanuni ambayo kompyuta hutumia kutumiana data, haimwagi faili lote kwa mara moja: inatuma fungu, kisha inangoja upande wa pili useme umepokea. Ile ya zamani, fungu halizidi baiti 65,535. Fungu 1 kwa sekunde 1 ni kama nusu megabiti. Lipa megabiti 2, faili lako litatambaa kwa nusu ile ile. Kwenye waya ambao kwenda na kurudi ni milisekunde 5, fungu hilo hilo linakufikisha karibu megabiti 100. Na mvua yetu sijaigusa: antene ya Ku, masafa ya satelaiti yanayosumbuliwa na mvua, inazimia wingu zito likipita, na parabole ikisogea digrii 1 tu, fundi apande tena juu ya bati.

Dawa ni swichi moja ya kuunganisha kampuni za intaneti za mji, katika chumba ambacho washindani wote wanakikubali, chenye umeme usiokatika. Kila kampuni inaleta ruta yake, wanatangaziana anwani kwa BGP, lugha ya ruta ya kuelezana njia, barua ya mji inabaki mjini. Nairobi waliiwasha mwishoni mwa 2000. Serikali ikaizima baada ya wiki 2 hivi, ikarudi 2002. Kinshasa nao 2002. Mtasema Kinshasa ni kwetu. Bila waya wa kutufikisha huko, ni satelaiti tena!

Nyaya za baharini, haraka, maana naonyeshwa saa. SAT-3 ya 2002 ilishuka Gabon na Angola, ikaturuka. WACS ilifika Muanda baadaye, lakini Muanda na Goma ni ncha mbili za nchi. Sisi tuliangalia Mombasa, ambako SEACOM ilifika 2009.

Leseni naziacha. Mwenye swali aniulize, ila asianze na mega.