Kuziba mlango uliovunjwa kwa plaiwudi na bolti, bila kugonga msumari hata mmoja

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunaziba mlango uliovunjwa ili nyumba ikae salama mpaka fundi wa mlango mpya afike. Mlango wenyewe ndio huu. Mwimo, yaani nguzo ya pembeni ya fremu, wa upande wa kitasa umepasuka kwa urefu, ulimi wa kitasa hauna tena mahali pa kuingia, na paneli ya chini imetoboka hadi mkono unapita. Huu haufungiki tena.

Kabla hujashika kitu, piga picha. Piga mlango mzima, kisha sogea karibu upige mwimo, kitasa, bawaba, na alama za mtarimbo kama zipo. Kama ni wizi, subiri polisi wamalize kazi yao. Mabaki usiyatupe: kile kipande cha mwimo kilichoruka na kitasa chenyewe, weka kwenye mfuko. Bima wakihitaji ushahidi, unao.

Jambo la pili ndilo kubwa kuliko yote kwenye video hii: kuna mtu atalala ndani? Njia ninayoonyesha hufungwa kwa nati kutoka ndani, na kuifungua kunahitaji spana na dakika kadhaa. Moto ukitokea, dakika hizo huna. Kwa hiyo huu usiwe mlango pekee wa kutokea. Kama ni wa pekee na watu wamo ndani, acha plaiwudi, nenda mwisho wa video nilipoeleza kuhusu komeo la ubao. Nyumba hii ina mlango wa nyuma mzima, kwa hiyo tunaendelea.

Kwa nini bolti, si misumari? Angalieni huu mwimo. Nikiukandamiza kwa kidole gumba, unacheza. Ukipigilia msumari hapa, unashikilia kitu ambacho chenyewe hakijashikwa, na kila pigo la nyundo linaongeza ufa na kudondosha plasta. Halafu mtu akija na mtarimbo, msumari unang'oka bila kelele nyingi. Njia ya bolti haitegemei mwimo hata kidogo. Plaiwudi inakaa nje, pana kuliko uwazi wa mlango. Mbao zinakaa ndani, nazo ndefu kuliko uwazi. Bolti zinavuta pande hizo mbili zikutane, ukuta unabaki umebanwa katikati. Akisukuma kwa nje, plaiwudi inagota ukutani. Akivuta, mbao zinagota ukutani kwa ndani. Na ukuta hautoboi hata tundu moja. Ndiyo maana naipenda njia hii kuliko zote.

Vifaa. Plaiwudi ya milimita 18, karatasi moja ya futi 4 kwa 8. Ya milimita 12 inafaa dirisha, kwa mlango inapinda ukiisukuma kwa bega. Mbao za inchi mbili kwa nne, vipande vitatu. Bolti sita za milimita 10 zenye kichwa cha mviringo kisicho na pa kushika spana, na chini ya kichwa zina shingo ya mraba. Nasogeza karibu muione hiyo shingo. Hii inazama kwenye plaiwudi na kuzuia bolti isizungushwe kutoka nje. Ukinunua bolti za kichwa cha pembe sita, mtu wa nje mwenye spana anaweza kuanza kuzichezea. Washa pana (visahani vya chuma vyenye tundu) sita za kukaa chini ya nati, na sita za akiba. Nati kumi na mbili, mbili kwa kila bolti. Drili, biti ya milimita 10 na ya milimita 12, spana namba 17 (bolti nyingine huchukua 16, jaribu kabla), msumeno, tepu, penseli, glavu ngumu na miwani ya kinga.

Urefu wa bolti unapigiwa hesabu, haukisiwi. Chukua unene wa plaiwudi, 18. Ongeza unene wa ukuta pamoja na plasta ya pande zote mbili, na fremu kama inachomoza. Hapa napata 150. Ongeza ubao, 50. Ongeza 25 za washa na nati mbili. Jumla 243, kwa hiyo bolti za 250. Pima ukuta sehemu zaidi ya moja, plasta haina unene mmoja.

Toa vioo vilivyobaki, fagia. Sasa tunashusha mlango wenyewe, maana ukibaki umefunguliwa kwa ndani utazuia mbao. Weka kabari chini ya mlango ubebe uzito wake, fungua skrubu za bawaba ya chini kwanza, ya juu iwe ya mwisho, na mtu wa pili aushike. Ukianza na ya juu, mlango unaanguka kwa mbele na kung'oa bawaba ya chini pamoja na kipande cha mwimo.

Vipimo. Uwazi wangu ni 900 kwa 2100. Pembeni naongeza milimita 60 kila upande, juu 60, na chini naacha pengo la milimita 10 na sakafu. Nakata 1020 kwa 2150. Hilo pengo la chini usilipuuze: plaiwudi hunywa maji kwa ukingoni, na ikikaa kwenye maji ya mvua tabaka zake zinaachana. Paka ukingo wote rangi au vanishi yoyote uliyo nayo. Mbao za ndani nakata 1300, zipite uwazi kwa sentimita 20 kila upande. Kukata mnajua, naruka hapo.

Sasa punguzeni mwendo. Hapa ndipo kazi inapoharibika.

Laza plaiwudi chini, upande utakaokuwa nje uangalie sakafu. Unachokiona sasa ni upande wa ndani. Panga mbao tatu juu yake: ya kwanza milimita 300 kutoka chini, ya pili katikati, 1075, ya tatu 1850. Angalia kwanza kama kuna swichi ya taa ukutani. Kwangu ipo usawa wa ubao wa katikati, kwa hiyo nausogeza chini sentimita 10. Kila ubao uchomoze sawa kushoto na kulia. Bana kwa klempu.

Subirini kidogo, naona kwenye skrini ubao wa juu umetoka nje ya picha. Nasogeza kamera. Sawa, sasa inaonekana.

Tundu zinakaa milimita 210 kutoka ukingo wa plaiwudi, kila upande. Yaani bolti zinapita sentimita 15 ndani ya uwazi, na baina yake kuna sentimita 60. Usiziweke katikati ya ubao. Ubao hauna kitu cha kuuegemeza pale katikati, ukikaza unajipinda na kingo za plaiwudi zinaachana na ukuta.

KABLA ya kutoboa, andika alama. Ubao wa chini A, wa katikati B, wa juu C. Kwenye kila ubao chora mshale unaoelekea juu, na upande wa kushoto andika K. Andika vilevile kwenye plaiwudi, pale pale chini ya kila ubao. Mtasema tundu zote ziko 210, kuna haja gani? Tundu za mkono hazitoki sawa hata siku moja. Moja iko 208, nyingine 213. Ukigeuza ubao, wa kushoto ukawa kulia, bolti inagoma kuingia. Na mtu akishagomewa, jambo la kwanza analofanya ni kupanua tundu la plaiwudi. Hapo umeharibu, nitaonyesha sababu sasa hivi. Narudia: herufi, mshale, K. Kwenye ubao na kwenye plaiwudi.

Toboa kwa biti ya 10, ubao na plaiwudi pamoja, na kipande cha mbao chakavu chini ili plaiwudi isichanike inapotoboka. Drili isimame wima. Ikilala digrii 5 tu, kwenye pengo la ukuta wa milimita 150 bolti inatoka nje ya njia kwa milimita 13 hivi. Kama huliamini jicho lako, simamisha kipande cha mbao kilichokatwa pembe mraba karibu na biti, ufuatishe.

Zikishatoka tundu sita, toa klempu, kisha panua tundu za MBAO pekee kwa biti ya 12. Hiyo milimita 2 ndiyo inayokupa nafasi ya kuhangaika kidogo. Za plaiwudi zinabaki 10. Tazameni kwa karibu: napitisha bolti, nagonga kichwa kwa nyundo, shingo ya mraba imeng'ata plaiwudi, haizunguki hata nikiishika kwa koleo. Sasa hapa kwenye kipande chakavu nimetoboa tundu la 14. Shingo inacheza. Nati ikigeuka na bolti inageuka nayo, hukazi wala hufungui, na siku ya kuondoa itabidi ukate kwa msumeno wa chuma. Kwa hiyo, tundu za plaiwudi haziguswi. Bolti isipoingia, tazama alama zako, K iko upande gani.

Tunasimamisha. Kipande hiki ni kilo 20 na ushee, kiwe na watu wawili. Chini weka vipande vya mbao vyenye unene wa milimita 10 kutunza lile pengo. Mmoja anabaki nje kuegemeza na kugonga bolti zote sita ziingie, mwingine anaingia ndani kwa mlango wa nyuma. Wa ndani, pokea ubao C kwanza, wa juu. Mshale juu, K kushoto kwako. Washa, nati, kaza kwa vidole tu. Halafu A, halafu B. Zote sita zishike kwa vidole kwanza, ndipo uchukue spana.

Kaza kwa kupokezana: juu kushoto, chini kulia, juu kulia, chini kushoto, kisha za katikati. Usimalizie bolti moja ukiwa hujaigusa nyingine, plaiwudi itakaa upande.

Hebu tusimame hapa. Hii ya B kulia, mnaiona? Nati imefika mwisho wa uzi wa bolti na washa bado inazunguka kwa kidole. Bolti ndefu hazina uzi mwili mzima, zina sentimita chache za mwisho tu. Ukuta hapa ni mwembamba kuliko upande wa pili, kwa hiyo bolti imezidi. Ukilazimisha nati, unaua uzi. Dawa yake: fungua, chukua kipande cha plaiwudi cha sentimita 10 kwa 10, kitoboe katikati, kivishe kwenye bolti kati ya ubao na washa, rudisha nati. Angalieni sasa, imekaza.

Utajuaje umefika? Sukuma ubao kwa kiganja, usicheze. Tazama kwa pembeni: ukianza kujipinda kuelekea nje, umezidisha, rudisha nati nusu mzunguko. Kisha vaa nati ya pili juu ya ile ya kwanza na uzikaze zibanane, zisilegee kwa mtikisiko.

Toka nje ukague ukingo mzima. Pengo linaloingiza ncha ya bisibisi linaingiza mtarimbo pia. Kwangu juu kushoto pana pengo la milimita 4, kwa sababu plasta imevimba pale. Nalegeza bolti za C, naikwangua kwa patasi, nakaza tena. Kuzuia maji ya mvua, pitisha silikoni juu na pembeni. Chini acha wazi, maji yakipenya yapate njia.

Sasa wale wenye mlango mmoja tu wa kutokea. Kama ubao wa mlango bado mzima na kilichovunjika ni mwimo, rudisha kipande kilichopasuka kwa gundi ya mbao, kibane, kisha ufunike ufa kwa bapa la chuma la milimita 3, urefu wa sentimita 60. Skrubu ziwe za milimita 75 mpaka 100, zipite mwimo na kuingia kwenye ukuta wenyewe. Kwa ukuta wa tofali au zege, toboa kwa biti ya zege na uweke plagi ya kushika skrubu. Toboa njia ya skrubu kwanza, na usiipitishe kwenye ufa. Kwa usiku, mlango unaofungukia ndani unazuiwa na komeo la ubao, yaani ubao wa mbili kwa nne uliolazwa kwenye vishikio viwili vya chuma vilivyofungwa ukutani, kushoto na kulia. Unauinua kwa mkono mmoja, bila kifaa, hata gizani. Usiufunge kwa kufuli wala skrubu.

Tukirudi kwenye plaiwudi: kesho yake pitia nati zote kwa spana. Mbao hujibana zikikaa chini ya mkazo, utapata robo mzunguko karibu kila mahali. Fungua nati ya nje, kaza ya ndani, rudisha ya nje. Ule mlango ulioushusha ulaze bapa juu ya mbao tatu, usiuegemeze ukutani, ukajipinda. Hata kama hautarudi, fundi atachukua vipimo vya bawaba na kitasa kutoka kwake.